Mjadala: Vyama viwili au vyama tele, kura ya Magharibi mwa Kenya inapotelea wapi?

Mwalimu wa Uraia, Bungoma
Naweka hoja mezani: Kenya iwe na vyama viwili tu, na sheria iseme hivyo. Sababu yangu ni hesabu. Chukua wadi ambako watu 10,000 wamepiga kura na wagombea ni saba wa vyama saba. Mwenye 2,300 anaweza kushinda, kwa kuwa katika viti vyetu vyote isipokuwa urais, anayeongoza ndiye mshindi hata kama hajakaribia nusu. Hao 7,700 waliomkataa watakaa naye miaka 5.

Na si mfano wa ubaoni pekee. Mwaka 1992 Moi alirudi Ikulu kwa takribani asilimia 36. Matiba wa FORD-Asili alipata kama 26, Jaramogi wa FORD-Kenya kama 17. Hivyo viwili vilitokana na FORD, chama cha upinzani kilichopasuka. Jumlisha kura zao uone FORD isiyopasuka ingefika wapi.

Wakili, Kisumu
Mwalimu, hesabu yako ni sahihi, dawa ndiyo yenye sumu. Tuanze na sheria. Haki ya kuunda chama iko Ibara ya 38 ya katiba, ndani ya Sura ya Haki. Ukiigusa lazima kura ya maamuzi chini ya Ibara ya 255: wengi waunge mkono, na katika angalau nusu ya kaunti asilimia 20 ya waliojiandikisha wawe wamejitokeza kupiga kura.

Halafu historia. Nchi hii imewahi kuwa na vyama viwili, tena mara mbili. KANU iliyotawala na KADU ya upinzani, 1963: KADU ikajivunja mwishoni mwa 1964. KANU na KPU za 1966: KPU ikapigwa marufuku Oktoba 1969, siku chache baada ya risasi kuua watu hapa hapa Kisumu. Ukiwa na viwili, serikali inahitaji kuua kimoja tu. Mwaka 1982 Kifungu cha 2A, kilichoifanya KANU kuwa chama pekee halali, kikayaandika kwenye katiba yaliyokuwa tayari yanatendeka, na kilikaa hadi Desemba 1991.

Mwalimu wa Uraia, Bungoma
Wakili, hayo yalikuwa makosa ya watawala wa wakati ule. Marekani ina viwili na haijafika huko. Ghana nayo, NDC na NPP wanapokezana Ikulu bila vita.

Wakili, Kisumu
Hakuna sheria Marekani wala Ghana inayosema viwe viwili. Vingine vimesajiliwa na vinagombea, wapiga kura ndio hawavipi nguvu. Ross Perot, mgombea huru, mwaka 1992 alipata karibu asilimia 19 ya kura za Wamarekani bila kupata mjumbe hata mmoja wa kumchagua rais. Mfumo wa kuhesabu ndio ulimnyima.

Anayetaka kuona vyama viwili vya amri aangalie Nigeria. Babangida, mtawala wa kijeshi, aliunda vyama vya SDP na NRC mwaka 1989, serikali ikavigharamia na hata kuviandikia ilani. Nakubali jambo moja linalokusaidia: uchaguzi wa urais wa Juni 12, 1993 ulivunja ukabila kwa kiasi kikubwa, Abiola wa SDP akashinda hata Kano, nyumbani kwa mpinzani wake Tofa. Lakini aliyeviunda kwa amri alifuta matokeo kwa amri, na kabla mwaka haujaisha Abacha, jenerali aliyetwaa madaraka, alivivunja vyote viwili.

Mkazi wa Nakuru
Mbona mnabishania kitu ambacho katiba ya 2010 imeshakifanya nusu? Urais unataka zaidi ya nusu ya kura pamoja na asilimia 25 katika kaunti zisizopungua 24. Masharti hayo ndiyo yanayosukuma vyama kuungana kabla ya uchaguzi. Mwaka 2022 Ruto alipata asilimia 50.49 na Raila 48.85, wale wawili waliobaki hawakufika asilimia 1 hata kwa pamoja. Juu tuna kambi mbili tayari. Shida iko chini, kwenye mchujo, yaani kura ya ndani ya chama ya kuchagua mgombea wake.

Katika ngome ya chama chochote, iwe Kisumu au Bonde la Ufa, tiketi ndiyo kiti. Agosti, kwenye uchaguzi mkuu, mtu anakwenda kuthibitisha tu. Vyama vingekuwa viwili kisheria, uzito wa tiketi ungeongezeka na bei yake pia. Leo aliyedhulumiwa kwenye mchujo ana njia ya kutokea: wabunge 12 waliingia Bunge la Taifa mwaka 2022 kama wagombea huru. Sharti ni uwe nje ya chama kwa angalau miezi mitatu kabla ya uchaguzi, na hapo wengi hunaswa, kwa sababu majina yao yako kwenye daftari la chama wasichowahi kujiunga nacho. Kagua mapema kwenye eCitizen, huduma za Msajili wa Vyama, ujiondoe.

Msimamizi wa kituo, Kakamega
Niwarudishe debeni, kwa sababu kura hupotea hapo kabla ya vyama kuhesabiwa. Mwaka 2022 kura za urais zilizokataliwa zilizidi 113,000, na pengo la wawili wa kwanza lilikuwa kama 233,000. Zilizokataliwa haziingii hata kwenye hesabu ya asilimia. Mahakama ya Juu iliamua hivyo 2013.

Zinaharibikaje? Alama inagusa visanduku viwili, au mtu anaandika jina lake. Karatasi isiyo na alama za usalama za tume ya uchaguzi pia haihesabiwi, kwa hiyo itazame kabla ya kwenda kwenye kibanda. Unapewa sita, kila moja na rangi yake. Linganisha na mfuniko wa sanduku. Ukikosea, usiitumbukize, irudishe kwa karani upewe nyingine. Vidole vya mkata miwa vikikataliwa na mashine, usiondoke: karani anatafuta jina kwa nambari ya kitambulisho na fomu ya 32A inajazwa mbele ya mawakala. Na aliye kwenye foleni saa kumi na moja jioni anapiga kura.

Mwalimu wa Uraia, Bungoma
Naiondoa sehemu ya sheria. Wakili amenishinda kwa 1969. Ila wadi yangu ya kura 2,300 bado haijajibiwa.

Wakili, Kisumu
Hiyo naikubali, Mwalimu. Ibara ya 90 tayari inagawa viti vya orodha za vyama, kama vile vya wabunge 12 wa kuteuliwa, ila vinafuata idadi ya viti ambavyo chama kimeshinda, si kura kilizopata. Kwa hiyo wale 7,700 hawaongezi kitu hata huko. Tudai orodha za bunge la kaunti zifuate kura, kisha tubishane ni asilimia ngapi chama kipate ndipo kistahili kiti. Mimi naanza na 5.

Mkazi wa Nakuru
Tano ni nyingi kwa kaunti yenye wadi 55. Tatu.