Yule bwana wa "namba imeshapatikana" amevuka mpaka

Wakuu, nimetoka sasa hivi kwenye mhadhara wa wazi wa fizikia ya chembe hapa Posta, na hasira niliyo nayo inatosha kuwasha taa kutoka Kivukoni hadi Kibaha. Mhusika, yule mhadhiri, mnamjua, maana kipaza sauti hapewi mwingine. Binti wa kidato cha sita alisimama akauliza kwa adabu kwa nini tungamo la bozoni ya Higgs, chembe inayohusika na kuzipa chembe nyingine tungamo, liwe GeV 125 (GeV ni kipimo cha tungamo la chembe), lisiwe 90 wala 180. Akajibiwa: "Kaa chini, namba imeshapatikana." Kaa chini! Mbele ya wenzake wote!

Swali hilo ndilo kiini cha mambo. Modeli Sanifu, nadharia kuu ya chembe za msingi, haikutabiri tungamo hilo. Ilibidi lipimwe kule CERN, maabara ya fizikia ya chembe huko Ulaya, baada ya chembe yenyewe kutangazwa tarehe 4 Julai 2012. Supasimetria, nadharia inayodai kila chembe ina mwenza wake, katika umbo lake rahisi ilitaka Higgs isiyozidi takriban GeV 135, kwa hiyo 125 inaingia, ila kwa kubanwa, kwani inalazimu wenza wa kwaki topu (chembe ya msingi nzito kuliko zote) wawe wazito mno, na wenza hao hawajaonekana hadi leo. Tena, ukiiweka 125 pamoja na tungamo la kwaki topu, ambalo ni karibu GeV 173, hesabu zinaashiria kwamba ombwe la ulimwengu wetu, yaani hali yake ya nishati ya chini, huenda halijatulia moja kwa moja, ingawa lingedumu muda unaopita mbali umri wa ulimwengu. Mtoto anagusa yote hayo kwa swali moja, anaambiwa akae chini!

Mpiga Debe wa Mwenge: Mleta mada, umelirudia hilo "kaa chini" hadi sisi wasomaji tumekaa. Langu ni zito zaidi. Aprili 2022 kundi la CDF la Fermilab, maabara ya Marekani, lilitoa tungamo la bozoni ya W, chembe inayobeba nguvu dhaifu ya nyuklia, kuwa MeV 80,433 (MeV 1,000 ni GeV 1), wakati nadharia inadai takriban 80,357, na bwana huyo huyo akatutangazia kwamba Modeli Sanifu imezikwa. Septemba 2024 CMS, kundi la kule CERN, walipata 80,360. Mbona hakurudi kuifukua?

Bibi Kigamboni: Mwanangu, usiwatupe CDF kirahisi hivyo. Walitumia data za Tevatron, mashine ya Fermilab ya kugonganisha chembe iliyozimwa 2011, na tofauti kati yao na wengine bado haijapatiwa maelezo. Kinachoniudhi mimi ni watu kupigia kura vipimo kana kwamba ni uchaguzi wa serikali ya mtaa.

Mpiga Debe wa Mwenge: Shikamoo Bibi. Sijapiga kura, ATLAS, kundi jingine la CERN, nao wamepata 80,366.

Kariakoo Usiku: Mnagombania W na kuiacha nyutrino, chembe nyepesi mno isiyo na chaji, ambayo Modeli Sanifu iliipa tungamo sifuri, hadi watafiti wa kituo cha Super-Kamiokande cha Japani walipoonyesha mwaka 1998 kwamba nyutrino hubadilika aina zikiwa safarini, jambo linalohitaji tungamo. Nadharia iliguswa pale. Anzisheni uzi wa nyutrino, nitakesha.

Bibi Kigamboni: Uanzishe wewe, mjukuu wangu, na uanze na kipimo cha KATRIN, lile jaribio la Ujerumani la kupima tungamo la nyutrino.