Familia ya Nyakato, Mwanza: siku nne za Kulwa na Rehema

JUMAPILI JIONI

Kulwa: Shikamooni wakubwa, wengine habari za jioni. Mimi na Rehema tumepata siku nne mwezi wa saba, Alhamisi hadi Jumapili. Watoto wanabaki kwa bibi, tunazunguka na gari wawili tu. Mpango: Serengeti kupitia lango la Ndabaka, Butiama, Musoma, turudi, halafu tuvuke daraja la Kigongo-Busisi mpaka Bukoba. Gari ni ileile Toyota IST. Mnatushaurije?

Anko Masanja: Marahaba. Hiyo si likizo, hiyo ni ratiba ya dereva wa basi. Musoma kwenda na kurudi ni kama kilomita 440. Bukoba kwenda na kurudi ni zaidi ya 800. Hapo umeshapita 1,200 na hifadhini hujaingia. Gawanya kwa siku nne uone mtashuka kwenye gari saa ngapi.

Dotto: Watakula wamefunga mikanda 😂

Rehema: Shikamoo anko, shikamoo shangazi. Mimi sina haja na vyote. Nataka njia yenye ziwa, na picha nzuri. Nimeshashona hadi sare, bluu yangu na bluu yake.

Shangazi Pili: Marahaba mwanangu. Basi chagueni upande mmoja, mashariki au magharibi. Butiama kwa Mwalimu mtaenda wikiendi yoyote, mnalala Musoma usiku mmoja mnarudi. Na Bujora ipo Kisesa hapo, ngoma na makumbusho ya Kisukuma mnamaliza asubuhi moja.

Anko Masanja: Na Serengeti kwa IST muitoe kichwani. Ndabaka mpaka Seronera ni karibu kilomita 150 na si lami. Udongo wa huko ni ule mweusi wa mbugani. Mvua ikinyesha unanata kwenye matairi mpaka gari inakaa tumbo. Kiangazi nao unakauka, barabara inakuwa kama bati, mtatetemeka mpaka nati zilegee. Tena kibali kinahesabiwa saa 24, kwa hiyo mtaendesha mkiangalia saa badala ya wanyama. Siku mkipata gari lililoinuka, nendeni Mei au Juni, nyumbu wanapopita upande huu wa Grumeti.

Bamdogo Deus: Njooni huku kwetu Bukoba. Tangu daraja lifunguliwe Juni 2025 hakuna tena kukaa Kigongo kusubiri kivuko. Kilomita 3 juu ya maji, dakika chache mko Busisi. Kuna watu mpaka leo wanaamka saa tisa usiku "kuwahi kivuko" 😄 Ila msisimame katikati ya daraja kupiga picha, malori yanakuja kwa kasi. Vukeni kwanza, picha mpige mkiwa ng'ambo.

Kulwa: Shikamoo bamdogo. Kwa hiyo moja kwa moja Bukoba?

Bamdogo Deus: Marahaba. Hapana, hapo ndipo wengi wanapokosea. Wanachapa njia yote siku moja, wanafika giza, kesho yake wamelala hadi saa nne. Katikati mna kisiwa cha Rubondo. Laleni Chato, Ijumaa asubuhi mvuke kisiwani, mlale huko, Jumamosi mje Bukoba, Jumapili mrudi.

Rehema: Rubondo ndiyo ile ya sokwe?

Bamdogo Deus: Ndiyo hiyo. Sokwe waliletwa kati ya 1966 na 1969 kutoka mabustani ya wanyama ya Ulaya, wa sasa ni uzao wao. Hifadhi ya taifa tangu 1977. Simba hakuna, kwa hiyo mnatembea kwa miguu na askari wa hifadhi. Ila sokwe msiwekee ahadi, msitu mkubwa na wao wana miguu. Nzohe, viboko, mamba na furukombe mna nafasi nzuri zaidi ya kuwaona.

Dotto: Gari inavuka?

Bamdogo Deus: Haivuki. Muganza mnaacha lami mnashuka Kasenda, pale ndipo boti inapochukulia watu. Kama nusu saa majini. Mambo matatu muyaulize TANAPA, watu wa hifadhi za taifa, kwa simu wiki moja kabla, si siku ya safari: boti ipo siku hiyo? Inatozwa kwa safari au kwa kichwa? (Mko wawili, tofauti ni kubwa.) Na gari litalala wapi? Malipo ni kwa kontroo namba (namba ya malipo ya serikali), noti mkononi hazitasaidia. Muombe boti ya asubuhi, saa mbili au tatu. Mchana upepo wa ziwani unaamka na mawimbi nayo, mtafika mmelowa. Maboya ya kuvaa muyavae, msiyakalie.

Shangazi Pili: Na chakula?

Bamdogo Deus: Vibanda vya TANAPA vina mahali pa kupikia, wabebe vyao: mchele, unga, mafuta, nyanya, maji ya kunywa. Vinunuliwe Chato jioni ya Alhamisi. Kisiwani hakuna duka la mangi.

Rehema: Tukiogelea je?

Shangazi Pili: Ziwani? Hapana mwanangu. Rubondo mamba. Na kokote kwenye maji yaliyotulia yenye majani kuna konokono wa kichocho. Mdudu anapenya kwenye ngozi mkisimama tu majini, si lazima unywe. Mkiwa mmeshaingia, baada ya wiki kadhaa mkapime, dawa ipo.

Bamdogo Deus: Halafu Rehema, hiyo bluu. Rubondo kuna mbung'o, na mbung'o hawapendi rangi nyingine kama wanavyopenda bluu na nyeusi. Hata mitego yao inashonwa kwa vitambaa vya rangi hizo. Vaeni kaki au kijivu, mikono mirefu. Wanauma juu ya shati jepesi.

Rehema: 😭 Sare nimelipia na fundi keshamaliza

Dotto: Shemeji utakuwa mtego.

JUMATATU ASUBUHI

Anko Masanja: Mwangaluka. Sasa njia. Kutoka Nyakato msiingie mjini, Mkuyuni na Buhongwa asubuhi ni foleni tupu. Pitieni Kisesa, chukueni barabara ya mchepuko inatokea Usagara. Hapo mnafuata Kigongo, daraja, Sengerema, Geita, Katoro, Buseresere, Chato. Lami yote. Mkitoka saa moja asubuhi, na chai Sengerema, saa saba mchana mko Chato bila kukimbizana.

Kulwa: Saa sita nzima kwa njia hiyo?

Anko Masanja: Panga kwa saa, usipange kwa kilomita. Kila kijiji kibao cha 50, na tochi za kupima mwendo zinakaa pale kibao kinapoanza au kabla hakijaisha, unapoona nyumba zimekwisha ukakanyaga. Faini ni 30,000 kwa kosa, inalipwa kwa kontroo namba. Deni la gari liangalie kwenye mfumo kabla ya kuondoka. Halafu Katoro: bodaboda, matoroli, watu wa mnada, wote barabarani. Pale nenda taratibu hata kama hakuna kibao.

Dotto: Na ng'ombe.

Anko Masanja: Na ng'ombe. Kuanzia saa kumi na moja jioni wanarudi mabomani. Wa mbele akivuka, wote watavuka, usijaribu kupita katikati. Jua linazama saa moja kasoro, saa moja na robo ni giza. Muda huo muwe mmeshaoga.

Kulwa: Mafuta?

Anko Masanja: IST ya 1.3 ukitembea 80 hadi 90 inakupa kilomita 14 mpaka 15 kwa lita. Ukiwasha kiyoyozi na kupakia, hesabu 12 au 13. Safari yote na mizunguko ni kama 900, weka bajeti ya lita 70 hadi 75. Bei kikomo za mafuta za EWURA, wadhibiti wa nishati, hutoka Jumatano ya kwanza ya mwezi, nanyi mnaondoka Alhamisi, angalieni kalenda kabla ya kujaza. Chato jaza tenki. Kutoka Muganza hadi Muleba sheli ni za kuhesabu, msiingie na robo.

Bamdogo Deus: Kyamyorwa mnakutana na barabara ya Biharamulo, kateni kulia kuja Muleba. Kabla ya hapo kuna vipande vya msitu, wanyama wanakatiza. Ukiona nyani mmoja, wengine wako nyasini.

Shangazi Pili: Bukoba wafanye nini kwa usiku mmoja?

Bamdogo Deus: Wale ndizi na samaki, wanywe kahawa, watembee ufukweni jioni. Senene wasiulize, Julai si msimu, waje Novemba. Kubwa ni asubuhi. Mwanza mmezoea jua kuzama ziwani. Bukoba ipo ng'ambo, huku linachomoza ziwani. Saa moja kasoro dakika chache. Chukueni chumba kinachotazama maji, muwe ufukweni saa kumi na mbili na nusu, kisiwa cha Musira kinakaa mbele yenu cheusi na anga nyuma yake nyekundu.

Rehema: Sare ya bluu tunavaa hapo!

Bamdogo Deus: Hapo hakuna mbung'o, vaeni. Saa mbili mmekunywa chai, mmeondoka. Mpokezane usukani, Rehema leseni yako daraja D ibebe yenyewe, si picha ya simu.

Dotto: Kulwa, matairi. Ubavuni kuna tarakimu nne kwenye kiduara. Mfano 2318 ni wiki ya 23 ya mwaka 2018. Likizidi miaka sita, au ubavu una nyufa kama kisigino, badilisha hata kama kashata (meno ya tairi) bado ipo. Upepo upime asubuhi kabla gari haijatembea, kipimo kipo kwenye stika ya mlango wa dereva. Ukipima likiwa la moto unadanganywa.

Anko Masanja: Rejeta iwe na kulanti, si maji ya bomba, yanaleta kutu. Pembetatu mbili, mtungi wa kuzimia moto, jeki. Rimu zako zina nati za kufuli, ile funguo yake iko wapi? Bila hiyo spea ni pambo.

Kulwa: Ipo kwenye droo ya dashibodi. Spea ni ile nyembamba.

Anko Masanja: Nyembamba ni ya kukufikisha kwa fundi tu, usizidi 80. Na upepo wake si kama wa matairi mengine, ni psi 60. Hakuna anayekumbuka kuipima. Kapime leo.

JUMATATU JIONI

Kulwa: TANAPA nitawapigia wiki moja kabla, nimeshaandika maswali matatu. Chumba Bukoba kinachotazama maji tumepata. Mawili ya mbele yana 2322, ya nyuma 1116.

Dotto: Ya nyuma toa yote mawili. Usihamishie mbele.

Kulwa: Sawa. Na spea nimepima, imesoma 18.

Anko Masanja: Sitini, Kulwa. Rudi sheli kabla hawajazima kompresa.