Tiketi ya Uholanzi: tupite kwa wakala wa Moshi au tununue wenyewe?

Mtoto_wa_Rau:
Wakuu, habari za jioni. Baba, mama na shangazi wanatarajia kwenda Uholanzi Julai, mdogo wangu anahitimu chuo. Wote watatu hawajawahi kutoka nje ya nchi. Wakala mmoja hapa Moshi mjini anataka nusu ya nauli sasa hivi "ili kushika nafasi", pamoja na ada ya kushughulikia viza. Mtandaoni nauli naiona iko chini kidogo. Wakala ana faida gani hasa? Na nikimtumia, nimkague vipi?

Sakina_Juu:
Hiyo nusu usiitoe kwanza. Bukingi na tiketi ni vitu viwili. Bukingi ina namba ya alama sita, mchanganyiko wa herufi na tarakimu, na kwa kawaida wakala huishika bila kulipa shirika chochote. Ina muda wake wa mwisho. Ukipita bila tiketi kukatwa, mfumo unaifuta wenyewe, na bei haijafungwa mpaka siku ya kukata. Watu wengi hupewa karatasi ya bukingi wakadhani wana tiketi, wanafika KIA (uwanja wa ndege wa Kilimanjaro) majina hayapo.

Tiketi ina namba ya tarakimu 13. Tatu za mwanzo ni za shirika: KLM 074, Qatar 157, Ethiopian 071. Ukishalipa, ingia kwenye tovuti ya shirika lenyewe kwa namba ya bukingi na jina la ukoo, uione namba hiyo hapo. Usiridhike na PDF ya WhatsApp.

Majina nayo yakague kabla ya kukata. Sisi tuna majina matatu na mara nyingi la katikati huwekwa kama la ukoo. Tazama mistari miwili ya chini ya ukurasa wa picha kwenye pasipoti: baada ya P<TZA linaanza jina la ukoo, kisha alama mbili <<, ndipo majina mengine. Tiketi ifuate hivyo hivyo.

Dada_wa_Tengeru:
Kwenye viza wakala hana mkono wa kukusaidia sana, mdogo wangu. Alama za vidole kila mmoja hutoa mwenyewe, na kwa hilo wazee watakwenda Dar. Ada ya viza ya Schengen, ile ya pamoja ya nchi za Ulaya ikiwemo Uholanzi, kwa mtu mzima ni euro 90, hairudi hata ukinyimwa. Maombi hupokelewa kuanzia miezi 6 kabla ya safari, na yasipungue siku 15. Kwa Julai msisubiri Juni.

Bima ya safari iwe na kinga ya angalau euro 30,000. Pasipoti ibaki na uhai wa miezi 3 baada ya tarehe ya kutoka Ulaya, na kurasa mbili tupu. Kwa maombi, bukingi inatosha; tiketi ilipiwe viza ikishatoka. Hapo ndipo wakala anafaa kweli: akushikie nafasi bila hela, na muda ukiisha aishike upya. Akikuahidi viza "ya uhakika", ondoka. Anayeamua ni serikali ya Uholanzi.

Mtoto_wa_Rau:
Asanteni sana. Je, wakienda Nairobi kwa shato (basi dogo la abiria)? Kuna tiketi ya KIA–Nairobi–Amsterdam, nikafikiri wapandie Nairobi tu.

Sakina_Juu:
Hapana! Wakiacha kipande cha kwanza, shirika linafuta vyote vilivyobaki, hata cha kurudi. Wakitaka kuanzia Nairobi, tiketi ianzie Nairobi. Na hapo shato ikichelewa mpakani Namanga, ndege haiwasubiri na hakuna wa kudai. Wakirudi kupitia Kenya wataulizwa pia kadi ya homa ya manjano, na sindano hiyo huhesabiwa kuanzia siku 10 baada ya kuchomwa. Kwa wazee wasiojua viwanja vya ndege, tiketi moja kutoka KIA inastahili hela ya ziada.

Mkata_Tiketi_AR:
Naifanya kazi hii, nami nasema: safari ya kwenda na kurudi yenye tarehe za uhakika, nunua mwenyewe kwenye tovuti ya shirika. Kosa likitokea unashughulika nao moja kwa moja. Tiketi ya wakala ikihitaji kubadilishwa, shirika mara nyingi hukurudisha kwa wakala, na unalipa faini ya shirika, tofauti ya nauli na ada ya wakala. Marejesho nayo hupitia kwake.

Wakala ana faida pale tarehe zinapoyumba, mkiwa kundi, au mnapolipa taslimu. Kwa wazee wenu naona anafaa, ila muulize: mnakata wenyewe au mnapeleka kwa wakala mwingine? Asiye na usajili wa IATA (chama cha mashirika ya ndege duniani) hupeleka kwa mwenzake, na likitokea tatizo unangoja watu wawili. Jina la aliyekata huandikwa kwenye tiketi, lisome. Omba leseni ya TALA (ya biashara ya utalii) na risiti ya EFD (ya mashine ya kodi) inayotenga nauli na ada yake, na masharti ya kubadilisha tarehe kwa maandishi. Kisha piga simu yake ya dharura Jumapili usiku, kabla hujalipa, uone kama inapokelewa.