Brashi za mekapu za bei chee: zinafaa au tunatupa hela? Tupeane uzoefu

Bint_Poda:
Habari zenu wapendwa. Sasa hivi nimetoka kwenye kioo, nimekaa natoa unywele wa brashi mmoja mmoja kwenye fandesheni ambayo imeshakauka usoni, nikasema hapana hili lazima nilifungulie uzi. Brashi yenyewe ni ya kawaida tu, zile zinazoning'inia kwenye duka la vipodozi pembeni ya vibanio na chanuo. Dada yangu ananiambia rahisi ghali ungenunua ya maana. Mi nabisha kwa sababu ninayo nyingine ya konsila, ile ya kufichia madoa, ya bei hiyohiyo, duka hilohilo, haijawahi kunidondoshea hata unywele na ndo naipenda kuliko zote. Kwa hiyo bei peke yake haijibu hili swali. Zenu zimewafanyia nini? Semeni zuri na baya, na tafadhali sitafuti mtu wa kuniuzia.

mama_wawili:
Zinafaa. Ya kwangu ya aishedo, rangi ya kope, ninayo tangu sijaolewa.

Mzee_wa_Ubora:
Sikiliza dada yako. Brashi nzuri moja unakaa nayo miaka, hizo za kuning'inia unanunua kila mara. Rahisi ghali haijawahi kuwa uongo.

Chuo_mwaka_wa_pili:
@Mzee_wa_Ubora samahani lakini huwa mnaongea kama wote tuna hela ya kuanzia. Mimi ningesubiri hiyo brashi ya maana ningekuwa bado napaka kwa kidole. Nilianza na za e.l.f., hawa walianza 2004 Marekani wakiuza vitu kwa dola 1, na nimejifunzia hizo mpaka leo watu wananiuliza nani kanipamba.

Mzee_wa_Ubora:
Sijasema usijifunze. Nimesema hesabu ya mwisho.

mkono_mwepesi:
Naomba niingie hapa maana napamba watu ndo kazi yangu na mkoba wangu umechanganyika, kuna brashi za gharama na kuna za bei chee na wateja hawajui ipi ni ipi. Shida ya watu wengi ni kuuliza bei kabla ya kuuliza brashi inaenda kupaka nini. Unywele wa mnyama, mbuzi au kindi au farasi, una magamba madogo sana usiyoyaona kwa macho, hayo ndo yanashika poda na kuiachia taratibu. Unywele wa sintetiki, yaani wa kutengenezwa kiwandani, umelainika mwili mzima, haunywi maji, kwa hiyo fandesheni ya maji, konsila, blashi ya krimu, hivyo vyote sintetiki inavipaka vizuri na haimezi bidhaa yako. Na sintetiki kuitengeneza haihitaji mbuzi wala kindi ndo maana inaweza kuwa ya bei ndogo na bado ikawa nzuri kabisa. Ndo maana konsila ya mleta uzi inadumu! Zile za Real Techniques, za wale dada wawili wa Uingereza Sam na Nic Chapman zilizotoka 2011, zote ni sintetiki na zinauzwa maduka ya kawaida na mimi nazipigia kazi kwa watu wanaolipa. Lakini brashi kubwa ya poda na ile ya kuchanganyia aishedo kwenye mkunjo wa kope, hapo ukiwa na hela iweke hapo. Mafundi wa Kumano, huo mji uko Hiroshima kule Japani, walianza na brashi za kuandikia kwa wino wakaja kwenye mekapu, wale hawapati umbo la brashi kwa kuikata ncha, wanaupanga unywele mpaka umbo litokee na ncha yake ya asili inabaki. Nyingi za bei chee zimekatwa ncha ili zilingane, ndo ule mchomo unaousikia shavuni.

sio_mnyonge:
Kwenye mchomo hapo umegonga penyewe. Kuna ya poda nilikuwa nikimaliza kupaka shavu linabaki jekundu bila blashi.

Neema_ya_Nyusi:
@mkono_mwepesi mbona husemi habari ya hao kindi na mbuzi? Mimi sinunui kitu cha mnyama, na sintetiki za sasa zinashika poda vizuri tu, zimetengenezwa ncha nyembamba na zingine zina mawimbi kabisa ili poda ikae. Hiyo hoja ya magamba ni ya zamani.

mkono_mwepesi:
@Neema_ya_Nyusi nakuelewa dada na wateja wa aina yako ninao, mkoba wao nimeutenga kabisa. Lakini poda iliyosagwa laini sana mimi bado naona tofauti mkononi. Sibishani na imani yako.

Neema_ya_Nyusi:
Sio imani, nazitumia kila siku.

Mchoraji_wa_Kuta:
Mimi kwenye mekapu simo, ni mchoraji, mke wangu ndo kanionyesha huu uzi. Zile brashi zangu ndogo namba 0 na 00 za taklon, sintetiki ileile mnayoisema, alizichukua mbili mpya akazigeuza za ailaina na mstari anaopiga sasa hivi hakuna brashi ya vipodozi iliyowahi kuupiga. Sharti moja tu, iwe mpya haijaguswa rangi. Rangi za wachoraji zingine zina kadmiamu, metali yenye sumu, hicho kitu hutaki karibu na jicho.

Kidani:
Hii ya brashi ya mchoraji nimeichukua, asante sana shemeji.

Fatu_wa_Poda:
Na mkinunua mpya osheni kabla hamjagusa uso, hasa nyeusi na zile za rangirangi. Zingine zinachuja rangi hizo, maji yanatoka kama wino.

dada_wa_pili:
Aliyesema kuchuja amenikumbusha harusi ya dada yangu, mpaka leo nikiona brashi mpya nyeusi tumbo linanicheza. Mpambaji ana mkono mzuri sana, simsemi vibaya. Seti yake ilikuwa imechakaa akaona harusini aje na kitu kipya, akanunua zile seti za vipande 24 za mkoba wa kukunja, kampuni siitaji. Kavu zimefanya kazi vizuri tu. Fandesheni imekaa, poda imekaa, dada amewaka mpaka mama anajifuta machozi. Gari liko nje linapiga honi. Sasa mpambaji akataka ile aishedo ya dhahabu ing'ae zaidi, akailowesha brashi kwa sprei ya kushikilia mekapu, akachovya, akapaka kope. Akapaka tena. Mimi nikaona kijivu nikadhani ni kivuli cha taa. Dada akafumba macho, akafumbua, likashuka tone. Jeusi. Likapita shavuni lote juu ya ile kazi ya asubuhi nzima, likazunguka kidevu, likaanza kushuka shingoni na gauni limeshavaliwa na ni la kuacha mabega wazi kwa hiyo hakuna cha kulizuia. Nilikuwa nimeshika shela nikaiachia, nikamwekea kiganja kifuani hapa juu ya kitambaa, tone likaja likaishia mkononi kwangu. Kukawa kimya. Halafu shangazi akapiga yowe. Dada akaanza kulia na ndo ikawa mbaya zaidi kwa sababu akilia brashi imeshaacha rangi kopeni, inazidi kutiririka, mpambaji mikono inamtetemeka anamwambia usilie mpenzi usilie, na yeye mwenyewe analia. Tukamlaza dada kichwa nyuma kwenye kiti, tukafunga taulo shingoni, jicho likafutwa na pamba na maji ya kutolea mekapu mpaka ngozi ikawa tupu, likaanzwa upya. Safari hii kwa kidole na brashi moja kuukuu iliyokutwa chini kabisa ya mkoba. Tulitoka tumechelewa sana. Kwenye picha ukikaza macho unaona jicho la kulia dhahabu imekolea kuliko la kushoto.

sio_mnyonge:
WEEEE. Gauni lilipona?

dada_wa_pili:
Lilipona. Halikuguswa hata kidogo.

Kidani:
Nimesoma nimeshika kifua. Na bwana harusi alijua?

dada_wa_pili:
Aliambiwa usiku ule. Akasema jicho lililokolea ndo zuri zaidi.

mama_wawili:
Huyo mume atunzwe.

Mzee_wa_Ubora:
Sasa mnaona? Nilisema mkabisha. Harusi ya mtu ilitaka kuharibika kwa ajili ya seti ya bei chee.

Fatu_wa_Poda:
Hapana. Kilichotaka kuiharibu ni brashi ambayo haijaoshwa. Hata ya bei mbaya nyeusi inaweza kuchuja mara ya kwanza. Brashi mpya unailowesha, unaikamua kwenye kitambaa cheupe, ikitoa rangi unaosha mpaka iache, ikigoma kuacha irudishe dukani.

Mzee_wa_Ubora:
Na aliyetengeneza? Anauza kitu cha kupaka machoni kinachotoa wino, halafu lawama zote kwa mpambaji?

Fatu_wa_Poda:
Hapo kwa mtengenezaji nakubaliana na wewe kabisa. Ila kazi ya mtu anayelipwa ni kujaribu kifaa kabla ya kukaa mbele ya bibi harusi.

dada_wa_pili:
Jamani mpambaji alirudisha nusu ya hela yake bila kuombwa, na alinipamba mimi pia mwaka uliofuata. Muacheni.

Bint_Poda:
Pole sana dada_wa_pili na asante kwa kutusimulia. Naomba turudi kidogo, mnaosha kila baada ya muda gani na vipi? Maana kila mtu ananiambia lake.

Chuo_mwaka_wa_pili:
Kila Jumapili.

sio_mnyonge:
Mimi ya fandesheni kila siku, zingine zikianza kuwa ngumu.

Kidani:
Ukiosha kila siku zinaisha haraka. Mimi kwa mwezi mara moja.

mkono_mwepesi:
Mwezi ni mrefu mno kwa ya fandesheni, ile inabaki na mafuta ya ngozi na bakteria wanaishi humo. Madaktari wa ngozi wa Marekani, American Academy of Dermatology, wanasema kila siku 7 mpaka 10. Maji vuguvugu, shampoo isiyo kali, ncha iangalie chini muda wote. Halafu hapa nisikilizeni, USISIMAMISHE brashi mbichi kwenye kikombe. Maji yanashuka kwenye ile shingo ya chuma, yanalegeza gundi inayoshika nywele, mpini wa mbao unavimba, rangi inapasuka, na brashi iliyokuwa nzuri inaanza kumwaga nywele mtu analaumu bei. Laza kwenye ukingo wa meza kichwa kikae nje hewani, mpini umelala. Kwa haraka kati ya mteja na mteja sintetiki ipulizie spiriti ya asilimia 70 uifute, ya unywele wa mnyama usiizoeze spiriti inaikausha.

Neema_ya_Nyusi:
Hapa nakuunga mkono mia kwa mia.

mama_wawili:
Ya kwangu tangu sijaolewa inakaa kwenye kikombe na ni nzima...

mkono_mwepesi:
@mama_wawili ikiwa kavu ikae kikombeni hata milele. Nimesema mbichi.

Ngozi_nyepesi:
Mimi naongeza kitu hakijasemwa. Kama unawashwa baada ya mekapu usiharakishe kutupa fandesheni. Mimi nilikuwa napata vipele mstari mmoja, chini ya jicho na kwenye kidole ninachoshikia brashi, nimebadilisha poda, nimebadilisha krimu, wapi. Daktari wa ngozi akanipima ikaonekana ni nikeli. Ile shingo ya chuma inayong'aa kwenye brashi nyingi imepakwa nikeli juu na mimi nina tabia ya kushika karibu kabisa na kichwa. Sasa natumia za EcoTools, mpini wa mianzi na shingo ya alumini iliyorejelewa, bei ya kawaida, vipele vimekwisha.

Bint_Poda:
Hii kweli mpya kwangu! Na mimi naiuliza ya kwangu inayomwaga nywele, niitupe?

Chuo_mwaka_wa_pili:
Tupa.

Kidani:
Usitupe, tia gundi pale shingoni.

Fatu_wa_Poda:
Gundi ya nyumbani karibu na macho hapana Kidani, ikikauka inakatika vipande vigumu. @Bint_Poda ioshe, ikauke, halafu ivute taratibu kwa vidole na uipige kwenye kiganja. Mpya huwa na nywele chache zilizobaki hazijashikwa, zikitoka hizo inatulia. Ikiendelea kumwaga baada ya kuosha, au kichwa kinatikisika ukikigusa, gundi haipo hapo, mpe fundi viatu apakie rangi.

Mchoraji_wa_Kuta:
Au nipe mimi.

Halima_K:
@Ngozi_nyepesi samahani, daktari alikupima vipi? Mimi nina dalili hizohizo, na hereni za bei ndogo pia zinanitoa maji masikioni.

Ngozi_nyepesi:
Hereni zinakuwasha? Basi nenda kapime kabisa, mara nyingi ni hiyohiyo. Wanakubandika plasta zenye vitu tofauti mgongoni, unakaa nazo saa 48 bila kulowesha, wanazitoa wanaangalia, halafu unarudi tena baada ya siku kadhaa wanaangalia mara ya pili maana zingine zinachelewa kutokea.

Halima_K:
Na nikisubiri miadi naweza kutumia za shingo ya plastiki?

Ngozi_nyepesi:
Tumia, na shika mpini kwa nyuma sio karibu na kichwa. Ukiona na plastiki bado unawashwa mwambie daktari hilo pia, usilikalie.