Kikundi cha Familia: Pete ya Uchumba Inunuliwe Wapi?

Idrisa: Shikamooni wazee wangu, na ninyi ndugu zangu habari za leo. Kama mlivyokwisha kusikia, mimi na Nasra tumekubaliana kuchumbiana rasmi, na sasa imebaki kazi ya kununua pete. Nimepita katika maduka kadhaa ya vito na nimetazama kurasa nyingi za wauzaji wa mtandaoni, lakini kadiri ninavyotazama ndivyo ninavyozidi kuchanganyikiwa, kwa sababu pete mbili ambazo machoni pangu ni sawasawa huweza kupishana bei mara mbili au tatu. Naomba mnishauri: ninunue katika duka kubwa, niende kwa sonara anayetengeneza mwenyewe, au niagize mtandaoni?

Shangazi Rehema: Marahaba mwanangu, na hongera sana. Mimi nasema nenda kwa sonara. Mtu anayetengeneza pete kwa mikono yake anajua kilichomo ndani yake, na siku jiwe likilegea utamrudia yeye yule.

Kaka Yusufu: Shikamoo Shangazi. Kwa heshima zote, mimi ningemwelekeza kwenye duka kubwa. Duka lenye matawi lina utaratibu ulioandikwa wa kubadilisha na kurudisha bidhaa, na hata muuzaji aliyekuhudumia akihama, kumbukumbu zako zinabaki. Sonara mmoja akifunga kazi au akiugua, mteja wake atamfuata nani?

Dada Salma: Nami niliagiza yangu mtandaoni na sijaona sababu ya kujutia. Muuzaji alionyesha kila jiwe kwa video inayozunguka, akaweka na namba ya cheti chake, nami nikaihakiki namba hiyo katika tovuti ya maabara iliyotoa cheti kabla ya kulipa. Hakuna duka nililoingia ambalo lingeweza kuniwekea mawe mengi kiasi kile mezani kwa mara moja.

Mjomba Hamisi: Idrisa, kabla hujachagua mahali, acha nikujibu kwanza hilo la bei, kwa maana nimefanya kazi ya usonara kwa miaka mingi na swali hilo ndilo linalowababaisha wateja wengi. Karati ni kipimo cha usafi wa dhahabu. Dhahabu safi ni ya karati 24, lakini ni laini mno kwa pete inayobeba jiwe, kwa hiyo huchanganywa na madini mengine. Ya karati 18 ina dhahabu asilimia 75, na ndani ya pete utakuta muhuri wa 750. Ya karati 14 hupigwa 585, na ya karati 9 hupigwa 375, yaani dhahabu haifiki hata nusu. Zikitoka kusuguliwa, zote hung'aa. Ongeza hapo unene wa duara la pete, kwani ipo pete inayoonekana nene kwa juu kumbe imechimbwa kwa ndani ili kupunguza uzito, kisha ongeza jiwe lenyewe, na utaona kwamba pete zako mbili hazikuwa sawasawa tangu mwanzo. Kwa hiyo muuzaji wa kwanza wa kumwepuka, awe na duka kubwa au dogo, ni yule anayekutajia bei bila kukutajia karati ya dhahabu, uzito wa pete na asili ya jiwe.

Idrisa: Asante Mjomba. Katika duka moja waliniambia jiwe ni almasi halisi, na katika duka jingine wakaniambia ni almasi ya maabara, na la pili lilikuwa kubwa zaidi kwa bei ndogo zaidi. Je, hilo la maabara ni la bandia?

Mjomba Hamisi: Si la bandia. Ni kaboni ileile yenye mpangilio uleule, ila imekuzwa kiwandani badala ya kuchimbwa ardhini. Mwaka 2018 Tume ya Shirikisho ya Biashara ya Marekani iliondoa katika maana yake ya almasi sharti la kwamba jiwe liwe la asili, ingawa muuzaji bado analazimika kusema wazi kwamba jiwe limetoka maabara. Hakuna jicho la sonara linaloweza kuyatofautisha mawe hayo mawili kwa kuyatazama tu, inahitajika mashine. Tofauti iko kwenye fedha, kwa kuwa bei ya almasi za maabara imeshuka sana kadiri uzalishaji ulivyoongezeka, na ukitaka kuiuza baadaye utapata kidogo mno. Kitu kingine kabisa ni moisanaiti, jiwe linalofanana na almasi lakini si almasi, na ambalo kile kifaa kidogo cha kupima jinsi jiwe linavyopitisha joto kinachotumiwa madukani huweza kulikubali kana kwamba ni almasi. Kwa sababu hiyo usiridhike muuzaji anapogusisha kifaa hicho kwenye jiwe, kikalia, naye akakutazama kwa ushindi.

Mama Mdogo Asha: Mimi nataka tuzungumzie stakabadhi, kwa sababu jambo hili liliniuma. Pete yangu nilinunua katika duka moja ambalo sitalitaja, nikapewa risiti iliyoandikwa hivi: pete moja ya dhahabu yenye jiwe jeupe. Hapakuwa na karati, hapakuwa na uzito, wala neno almasi halikuonekana, ijapokuwa ndilo neno muuzaji alilolirudia tangu nilipoketi mpaka nilipolipa. Jiwe lilipodondoka na mimi nikarudi kudai, waliniwekea jiwe jeupe, na kwa mujibu wa karatasi ile walikuwa wametimiza wajibu wao. Idrisa, soma risiti kabla ya kutoa fedha. Usisome ukiwa umeshafika nyumbani.

Dada Salma: Pole sana Mama Mdogo. Sikuwahi kuisikia habari hiyo kwa ukamilifu.

Mjomba Hamisi: Asha amegusa kiini cha jambo zima, na mimi ningeweka hapo mizani ya kuchagua muuzaji. Risiti inayofaa inataja aina ya madini na karati yake, uzito wa pete kwa gramu, aina ya jiwe na kama ni la asili au la maabara, uzito wa jiwe kwa karati (hii ni karati ya uzito, si ile ya usafi wa dhahabu, na moja ni gramu 0.2), pamoja na rangi, usafi, ukataji na namba ya cheti. Cheti nacho kisitoke kwa muuzaji mwenyewe, kwani hapo anajipa alama yeye. Maabara ya GIA, yaani Taasisi ya Jemolojia ya Marekani, iliyoanzishwa mwaka 1931, hupanga rangi za almasi kuanzia D, isiyo na rangi, hadi Z, yenye umanjano ulio wazi, na mara nyingi namba ya cheti huchongwa kwa leza ukingoni mwa jiwe kwa herufi ndogo mno zisizoonekana bila kioo. Mwombe muuzaji kioo cha kukuzia mara kumi akuonyeshe namba hiyo, uilinganishe na cheti. Muuzaji mzuri hatachukia. Atakivuta kiti akae nawe.

Kaka Yusufu: Na muuzaji huyo atoke nawe hadi dirishani. Taa za madukani zimepangwa makusudi ili kila jiwe limetemete. Nilipokuwa nachagua ya mke wangu, niliomba kuitazama pete kwenye mwanga wa mchana wa kawaida, na jiwe lililokuwa likiwaka juu ya kitambaa cheusi lilionekana limefifia katikati, kama dirisha lenye ukungu, wakati dogo lililokuwa pembeni yake liliendelea kung'aa kwa sababu lilikuwa limekatwa vizuri zaidi. Tukachukua dogo.

Idrisa: Hilo sikulifikiria kabisa. Sasa, Nasra anapenda rangi ya bluu kuliko almasi nyeupe, na nilikuwa nafikiria tanzanaiti. Kuna muuzaji mmoja aliyenihakikishia kwamba inafaa kuvaliwa kila siku.

Mjomba Hamisi: Tanzanaiti ni jiwe zuri lisilo na mfano, na tangu lilipogunduliwa Merelani, Tanzania, mwaka 1967 halijapata kuchimbwa kwa biashara mahali pengine popote. Lakini katika kipimo cha ugumu cha Mohs liko kati ya 6 na 7, na vumbi la kawaida lina chembe za kwatzi zenye ugumu wa 7, kwa hiyo kulifutafuta tu kila siku kwaweza kulikwaruza. Kwenye hereni au kidani halina shida. Kwenye pete isiyovuliwa, ningependekeza yakuti samawi, ambayo ugumu wake ni 9. Na muuzaji aliyekuhakikishia vile mwondoe kwenye orodha yako, kwani ama hajui bidhaa yake ama anajua na amenyamaza.

Shangazi Rehema: Nasra si muuguzi? Kutwa anavaa na kuvua glavu. Jiwe lililoinuka juu ya vishikio, yale makucha yanayolibana, litazichana.

Mjomba Hamisi: Umesema kweli, dada yangu. Kwake yeye jiwe likae chini, lizungushiwe ukingo wa dhahabu badala ya vishikio. Na duara la pete lisizungushiwe vijiwe pande zote, kwa sababu pete ya namna hiyo haiwezi kupanuliwa wala kupunguzwa bila kuiharibu.

Mama Mdogo Asha: Nami nina swali ambalo wauzaji hawalipendi: jiwe limetoka wapi? Nisingependa mkwe wetu avae kitu kilichogharimu damu za watu.

Dada Salma: Wauzaji wengi watakujibu kwamba wanafuata Mpango wa Kimberley, utaratibu wa kimataifa wa kuzuia biashara ya almasi za vita, ulioanza kutekelezwa mwaka 2003. Ni jambo jema, lakini unahusu almasi ghafi tu, tena zile zinazofadhili makundi ya waasi dhidi ya serikali. Hausemi chochote juu ya yakuti, wala haugusi mazingira ya kazi migodini. Muuzaji anayejali ataweza kukutajia angalau nchi jiwe lilikotoka na aliyemuuzia, na akishindwa afadhali aseme hajui kuliko kukupa maneno mazuri.

Idrisa: Kwa hiyo naona kama sonara anaanza kushinda, kwa sababu pete ya umbo hilo sijaiona dukani. Je, naweza kuagiza jiwe mtandaoni, ambako kuna mengi, kisha nimpelekee sonara alipachike?

Dada Salma: Inawezekana, ila hakikisha muuzaji anatoa muda wa kurudisha jiwe, tena uanze kuhesabiwa siku unayolipokea, si siku uliyolipa. Uliza nani anabeba bima ya njiani, na kama jiwe linatoka nje ya nchi, uliza ushuru ni wa nani. Likifika, lipeleke kwa mtaalamu asiyekuuzia kitu alikague kabla muda huo haujaisha.

Mjomba Hamisi: Na umwulize sonara mapema kama atalipia jiwe likivunjika mikononi mwake. Masonara wengi hawakubali dhamana ya jiwe ambalo hawakuliuza wao, na siwalaumu, kwa maana jiwe lenye ufa wa ndani huweza kupasuka linapobanwa hata kama mkono ni mwangalifu. Sonara akikuuzia jiwe na pete pamoja, hasara hiyo ni yake. Kwa pete hii moja, mimi ningelipa zaidi kidogo ili mtu mmoja awajibike kwa kazi yote.

Kaka Yusufu: Nakubali, kwa sharti moja. Pete ya kuagizwa kwa kawaida hairudishwi, kwa hiyo asilipe malipo ya awali kabla ya kupata makubaliano ya maandishi.

Mjomba Hamisi: Sawa kabisa. Makubaliano yataje kila kitu nilichokiorodhesha kwenye risiti, tarehe ya kukabidhi, na kwamba utaonyeshwa mchoro au kielelezo cha nta kabla dhahabu haijamiminwa, kwa sababu nta hurekebishwa kwa kisu kidogo, na dhahabu ikishamiminwa kila badiliko ni gharama. Yataje pia kupunguza au kupanua pete mara ya kwanza bila malipo. Ukichagua dhahabu nyeupe, uliza kuhusu kupakwa upya rodiamu, yale madini meupe ya juu yake, maana rangi ile hufifia kwa kuvaliwa, na uliza kama mchanganyiko una nikeli, ambayo huwawasha watu wengine ngozi.

Idrisa: Nimewaelewa nyote, na nashukuru sana. Nitawaendea masonara wawili, niwaombe kila mmoja bei ya pete ileile: dhahabu ya njano ya karati 18, yakuti samawi iliyozungushiwa ukingo, kila kitu kwa maandishi. Nasra anajua kwamba pete inatafutwa, kwa hiyo hakuna siri ya kuharibu.

Shangazi Rehema: Basi mchukue naye mwenyewe akapimwe kidole. Usipime kwa uzi.

Mjomba Hamisi: Na apimwe jioni, mikono ikiwa na joto la kawaida, kwa kipimo chenye upana unaokaribia wa pete yenyewe, kwa kuwa pete pana hubana zaidi. Makubaliano yakishaandikwa, nitumie picha yake kabla ya kuweka saini.

Idrisa: Nitaiweka hapahapa kikundini, Mjomba, ili Mama Mdogo naye aisome.