Naomba ushauri: AC ya pikapu inapuliza joto nikikaa kwenye foleni

Wakuu, habari za leo. Nina pikapu ya dizeli, dabo kebini, AC yake inatumia gesi ya R134a. Nikiwa barabara kuu AC inagandisha hadi abiria wanaomba nipunguze. Nikiingia foleni ya Mbagala mchana, inapuliza joto tupu.

Fundi wa kwanza alijaza gesi, hakuna kilichobadilika. Wa pili anataka nibadilishe kompresa nzima (pampu inayosukuma gesi ya AC), na hapo ndipo nilipogoma: kompresa iliyokufa ingewezaje kugandisha nikitembea? Klachi yake inashika vizuri. Geji zilionyesha gari ikisimama presha ya juu inapita psi 300, ikitembea inashuka. Nikaimwagia kondensa (ile kama rejeta inayopoza gesi ya AC) maji injini ikiwa inaunguruma, ubaridi ukarudi palepale.

Mimi nashuku upepo haupiti kwenye kondensa. Feni yake ya umeme haizunguki AC ikiwashwa, ingawa fyuzi ni nzima. Je, nianze na rilei (swichi ya umeme inayowasha feni), au niipe feni umeme wa betri moja kwa moja? Na feni za mtumba Gerezani zinadumu kweli? Huyo fundi wa kompresa anapiga simu kila asubuhi.