Ukoo wa Mtongwe

Mama Zuhura: Assalamu aleikum. Zuhura amepasi maji! 😭😭

Khala Rukia: Waaleikum salaam. Maji yamerudi? Huku Kisauni mfereji mkavu tangu Ijumaa.

Mama Zuhura: Si ya mfereji, dada! Mtihani wa ubaharia. Wavaa jaketi la kuokolea, waruka kutoka juu, kisha ile raba kubwa ya kujiokolea, boti ya kujazwa hewa, imepinduka, uigeuze peke yako mumo majini. Mara ya kwanza alisimama pale juu akalia, akashuka kwa ngazi. Kurudi nyumbani hakula. Nikamwambia mwanangu wacha, kazi ni nyingi. Akanitazama tu. Alfajiri nasikia mlango.

Ami Salim: Natoka msikitini namkuta kakaa kwenye mtumbwi wangu. "Ami, nifundishe." Mtoto kazaliwa Likoni, feri kila siku, kuogelea hajui!

Khala Rukia: Angejulia wapi? Si sisi tuliokuwa tukiwaambia wasichana "pwani usiende"? Wavulana wakaachwa wakaoga mpaka magharibi.

Mama Zuhura: Hilo langu. Nilimchapa ana miaka 8, karudi na chumvi kichwani. Leo namlipia ada ya kuruka majini. Haya.

Ami Salim: Wiki 6, shemeji. Na kusi hili, maji baridi. Siku moja alimeza maji nikasema basi, huyu harudi. Akatapika, akajifuta, akaniuliza, "Tena?" Raba hatuna, tukafunga mitungi mitupu kwenye mlango mkongwe, akawa augeuza huo. Vijana wa ufuoni walimcheka siku mbili tatu, kisha wakaja kumshikia kamba.

Nyanya: 🎤 0:19

Khala Rukia: Kwa msio na bando: Nyanya asema mwanamke na meli wapi na wapi, na huko atavaa nini.

Zuhura: Ovaroli, Nyanya 😂 Na mtandio wangu ndani ya kofia.

Khala Rukia: Mashallah! Hebu tueleze, uliigeuzaje?

Zuhura: Khala, nguvu si nyingi. Wakanyaga upande wa chupa ya gesi ya kuijaza raba, washika mkanda, wajilaza nyuma. Ukiuweka upepo vizuri, wenyewe wakunyanyulia. Ikikufunika usibabaike, wasukuma juu kwa mikono, watoka. Mimi ilinifunika.

Mama Zuhura: Hilo hukuniambia.

Zuhura: Ndiyo nakwambia sasa, Mama. Bado kuzima moto na huduma ya kwanza.

Khala Rukia: Picha tuwekee.

Mama Zuhura: Picha hapana, macho ya watu. Ingawa muuza mkaa nshamwambia. Na wa tuktuk. Na yule mama wa viazi karai.

Ami Salim: 😂 Basi Likoni nzima yajua.

Mama Zuhura: Zuhura, uko wapi? Mbaazi zapoa.

Zuhura: Ndani ya feri. Leo nimesimama ukingoni kabisa, sikushika chuma.

Mama Zuhura: SHIKA CHUMA!